Marekani: Wazazi wenye kasirani, na namna walikamata kaunti nzima kwa njia ya kura

Kila mara tunafanya hapa ku redio kipindi juu ya uchaguzi, kuko swali moja linarudi: mutu wa kawaida, asiye na feza ya kugawa tishati na vitenge, anaweza kushinda kura namna gani? Wengi wanajibu wenyewe mbele hata sisi tujibu: haiwezekani, usijisumbue. Basi leo tutaenda mbali kidogo, kule Marekani, tuangalie watu fulani walioweza. Mawazo yao mutayapenda ao mutayakataa, hiyo ni kazi yenu. Sisi tunataka kuonesha kazi ilifanyika namna gani, na kisha ushindi kulitokea nini. Hapo njo habari inakuwa na ladha.

Watu hao wanaitwa wahafidhina. Ni wale wanaopenda mambo ibaki vile wazazi waliiacha: kanisa, jamaa, kodi kidogo, serkali isiingie sana mu nyumba ya mutu. Marekani wengi wao wako mu Chama cha Republican. Lakini angalisho: kuwa muhafidhina na kuwa mukubwa wa Chama cha Republican si kitu kimoja. Mara nyingi vita kali zaidi inakuwa kati ya hao wawili, ndani ya nyumba moja.

Tuchukue kaunti ya Ottawa. Iko mu jimbo la Michigan, kando ya ziwa lenye jina lile lile, na ina wakaaji karibu 300,000. Kaunti ni kama teritwari kwetu, tofauti tu ni kwamba wakubwa wake wanachaguliwa na wakaaji. Wazungu wengi wa kwanza kufika pale walitoka Uholanzi munamo karne ya 19, Waprotestanti wa kweli kweli, na muji mumoja mukubwa wa pale unaitwa Holland hadi leo. Jirani yake ni kaunti ya Kent yenye muji wa Grand Rapids. Jina hilo jamaa nyingi za Kivu zinalijua, sababu wakimbizi wengi wa Kongo walipelekwa kuishi kule, na feza ya Western Union inatoka kule kila mwezi.

Ottawa inaongozwa na baraza la watu 11. Kwa miaka mingi karibu wote walikuwa Republican. Munamo mwaka 2021 walikuwa 10, na Mudemokrati mumoja tu. Walikuwa watu watulivu, bajeti ilikuwa sawa, barabara zilikuwa sawa. Mukutano wa baraza ulikuwa unapita bila mutu kujua.

Kisha korona ikafika.

Mwaka 2020 wakubwa wa afya wa kaunti walifunga masomo moja ya kikristo mu muji wa Hudsonville, sababu ya kanuni za korona. Muzazi mumoja aliyekuwa na mutoto pale, Joe Moss, mufanya biashara ya mambo ya kompyuta, alikasirika sana. Munamo mwezi wa Agosti 2021, mukubwa wa afya akatoa amri ingine: watoto wadogo mu masomo, hadi mwaka wa 6, wote wavae barakoa, ile kwetu tunaita kashene. Hapo mamia ya wazazi walifika ku mukutano wa baraza. Mutu anasimama, anaongea dakika zake, anakaa, mwingine anasimama. Saa na saa.

Baraza liliwajibu nini? Kwamba kwa sheria ya Michigan amri ni ya mukubwa wa afya, na baraza halina nguvu ya kuifuta. Labda jibu lilikuwa la kweli kwa sheria. Lakini jiweke mu nafasi ya muzazi. Umechagua watu 10 wa chama chako, wanakuambia mambo ya mutoto wako haiko mu mikono yao.

Kwetu hasira kama ile ingeishia mu wapi? Ku redio, mu WhatsApp, ao barabarani na matairi yanayowaka. Moss na mama mumoja, Sylvia Rhodea, walifanya kitu kingine. Waliunda kikundi kinachoitwa Ottawa Impact na wakauliza swali moja la hesabu: viti ni 11, wingi ni 6, tunapashwa kupata kura ngapi?

Hesabu hiyo njo kiini cha habari yote, basi tukae hapo kidogo. Gawa wakaaji 300,000 kwa viti 11: kila kiti kina karibu watu 27,000. Toa watoto. Toa wasiojiandikisha. Ku kaunti yenye kuegemea chama kimoja, uchaguzi wa kweli si ule wa Novemba, ni ule wa Agosti, wakati chama kinachagua kandida wake. Basi toa tena Wademokrati, ambao wako na uchaguzi wao. Toa wale walioenda ku ziwa kuogelea, maana Agosti ni wakati wa kongé. Wanabaki watu elfu kidogo tu. Mutu mwenye miguu mizuri na marafiki 20 anaweza kugonga ku milango yao yote mbele ya siku ya kura.

Walifanya vile. Walitafuta kandida kwa kila kiti walichoona kinaweza kuanguka, wakawatilisha sahihi ku mapatano yaliyoandikwa, ya kusema tukishinda tutafanya hivi na hivi. Wengi wao hawakuwa wanasiasa. Walikuwa watu wa kanisa, wazazi, wenye biashara ndogo. Tarehe 2 Agosti 2022 wakashinda. Wakubwa wa zamani, watu wa chama kile kile, wakaanguka mumoja kisha mwingine. Mu baraza jipya watu 8 kati ya 11 walikuwa wapya.

Kuko wanaosema hii ni ajabu ya korona tu. Hapana. Njia hii ina miaka mingi.

Munamo mwaka 1988 muhubiri wa televisheni Pat Robertson alijaribu kuwa prezidenti wa Marekani, akashindwa. Mwaka wa 1989 akaunda kikundi Christian Coalition na akamupa kijana Ralph Reed, ambaye hakufikisha miaka 30, kazi ya kukiendesha. Reed alikuwa anasema wazi kama angepashwa kuchagua kati ya prezidenti mumoja na viongozi elfu moja wa masomo, angechukua wale elfu moja. Sababu ni rahisi: prezidenti anapita, lakini mutu anayechagua kitabu mtoto atasoma, anakuwa karibu na wewe kila siku.

Mwaka 1990, mu kaunti ya San Diego, jimbo la California, watu wa mwelekeo huo waliweka karibu kandida 90 ku viti vidogo vidogo: komite za masomo, za hospitali, za maji. Karibu 60 walishinda. Walifanya namna gani? Hawakwenda ku mijadala mbele ya watu wote. Hawakujibu sana wandishi wa habari. Walitumia liste za waumini, wakapiga simu ku nyumba kwa nyumba, na siku ya mungu ya mwisho mbele ya kura wakaweka karatasi ku vioo vya motokari zilizosimama inje ya kanisa. Wapinzani waliamka wakati hesabu ya kura ilikuwa imekwisha kutoka.

Mimi kama mwandishi wa habari siwezi kusifu hiyo ya kujificha. Mutu anayeomba kura anapashwa kusema atafanya nini. Na wachaguzi wa San Diego nao hawakuipenda: mwaka 1992 walikuwa macho, na wengi wa kandida wa mwelekeo ule walishindwa. Mu muji wa Vista, kando ya pale, wahafidhina walikamata wingi wa komite ya masomo mwaka 1992, wakaanza mambo ya kuingiza uumbaji wa dunia ku masomo ya sayansi. Mwaka 1994 wachaguzi wakawatosha mbele ya wakati wao.

Kisha ikaja Tea Party. Mwezi wa Pebruari 2009 mutangazaji mumoja wa televisheni alipaza sauti mu soko la feza la Chicago kupinga musaada wa serkali kwa watu wenye madeni ya nyumba. Ile sauti ikawasha moto. Tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kutangaza kodi, watu waliandamana mu miji mamia. Wengi waliwacheka: wazee wenye kofia za zamani na mabendera. Lakini kisha maandamano, wazee hao hawakurudi kulala. Walianza kuketi ku mikutano ya chama ku kartie, kusoma kanuni za ndani, kuhesabu viti. Mwaka 2010 Republican walipata viti 63 zaidi mu bunge la taifa na karibu viti 680 mu mabunge ya majimbo. Hii ya pili njo ilikuwa na uzito, sababu mwaka uliofuata mabunge ya majimbo njo yalichora upya mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na mipaka ile ilisaidia chama chao kwa miaka 10.

Tusidanganyane pia. Si yote ilitoka chini. Tea Party ilipata musaada wa vikundi vyenye feza nyingi, kama Americans for Prosperity cha ndugu wawili matajiri Koch, na televisheni ya Fox News iliwapigia ngoma kila siku. Mutu akikuambia ni wanakijiji peke yao, anakupunguzia habari. Lakini feza peke yake nayo haielezi yote. Mwezi wa Juni 2014, mu jimbo la Virginia, mwalimu wa yunivasiti Dave Brat alimushinda Eric Cantor mu uchaguzi wa ndani ya chama. Cantor alikuwa mukubwa wa Republican wote mu bunge, namba 2 kisha spika. Alitumia zaidi ya dolare milioni 5. Brat alitumia karibu 200,000. Na alama ilikuwa imeonekana mwezi mumoja mbele: ku mukutano wa chama wa eneo lake mwenyewe, Cantor alizomewa, na mutu wake akapoteza kiti cha uongozi wa chama pale. Watu waliokuwa wameketi ku viti vya plastiki mu sale ile walijua mambo ambayo Washington haikujua.

Sasa tufafanue kitu kimoja, sababu kwetu hakuna. Kule Marekani viti vya kuchaguliwa ni zaidi ya 500,000. Usishangae. Kuna polisi mukubwa wa kaunti, kuna mwenye kushitaki ku korti, komite ya masomo, ya maktaba, hata mutu wa kuandika vyeti vya udongo. Wilaya za masomo peke yake ni karibu 13,000, na kila moja karibu yote ina komite iliyochaguliwa. Uchaguzi wa komite hizo mara nyingi hauko siku moja na wa prezidenti. Unawekwa Aprili, Mei, mwaka usio na kelele. Ku maeneo mengi jina la chama haliandikwe ku karatasi ya kura. Basi anayekuja kupiga kura ni nani? Mara nyingi hata mutu mumoja kati ya 5 hafiki. Kikundi chochote chenye nidhamu, kiwe cha walimu, cha kanisa ao cha wenye maduka, kikileta watu wake, kinashinda. Kwa muda murefu chama cha wafanyakazi walimu njo kilikuwa kinafaidika. Wahafidhina waliona, wakasema: na sisi tuko na watu.

Kuko mulango mwingine mudogo zaidi, ndani ya chama chenyewe. Kila kituo cha kura kina nafasi ya mujumbe wa chama. Kazi haina mushahara, na ku kaunti nyingi nusu ya nafasi zilikuwa wazi hakuna anayezitaka. Lakini wajumbe hao njo wanachagua mukubwa wa chama ku kaunti, na ku majimbo mengine wanasaidia kuchagua wasimamizi wa kura. Wakili mumoja wa Arizona, Dan Schultz, alihubiri miaka mingi kwamba wahafidhina wajaze tu nafasi hizo. Hakuna aliyemusikiliza sana. Mwezi wa Pebruari 2021 Steve Bannon, aliyekuwa mushauri wa Trump, akamualika ku kipindi chake, na mu miezi kidogo watu elfu na elfu walijiandikisha.

Mwaka huo huo wa 2021, mwezi wa Januari, wamama wa Florida waliunda Moms for Liberty. Mumoja kati yao, Tina Descovich, alikuwa amepoteza kiti chake cha komite ya masomo mwaka 2020. Angalia namna aliyeshindwa kura moja anaweza kuzaa kura mia. Mwezi wa Mei, mu Southlake, muji wa watu wenye feza mu Texas, wazazi waliopinga mupango wa masomo juu ya ubaguzi wa rangi walijiunga, wakakusanya feza, na kandida wao wakapata karibu 70 kwa mia. Mupango wenyewe ulikuwa umetokana na video ya mwaka 2018, ambamo wanafunzi wazungu walikuwa wanaimba tusi juu ya watu weusi. Basi hapa musomaji wa kwetu asimame kidogo. Kwa jamaa moja ushindi ule ulikuwa uhuru wa wazazi. Kwa jamaa ya mutoto mweusi aliyeketi mu klasi ile, ulikuwa kitu kingine kabisa.

Turudi Ottawa, maana tuliacha watu wetu wakiwa wamekwisha kushinda.

Tarehe 3 Januari 2023 waliapa. Siku ile ile ya kwanza, mu mukutano mumoja, walimufukuza administrateri wa kaunti, John Shay, wakaweka John Gibbs, aliyekuwa ametoka kushindwa kura ya ubunge. Walifunga ofisi ya kushugulikia usawa wa makabila na rangi. Walibadilisha hata maneno ya alama ya kaunti: yaliyokuwa yanasema hapa njo pako, yakawa ya kusema uhuru unalia kama kengele. Mengi kati ya hayo hayakuwa ku ajenda iliyotangazwa mbele. Walijaribu pia kumuondoa mukubwa wa afya, Adeline Hambley, na kuweka mutu wao. Mama huyo akaenda ku korti, na jaji akawazuia.

Wafuasi wao walisema: wametimiza walichoahidi, na ni kweli, mapatano yaliandikwa. Lakini hata watu waliowapigia kura walianza kuuliza kwa nini haraka vile. Mwaka mzima wa 2023 ukaisha mu korti, mu bajeti ya afya, mu mikutano ya makelele hadi usiku. Mu kikundi chenyewe mafarakano yakaingia; mumoja wao aliwaacha mu miezi ya kwanza tu. Mwezi wa Pebruari 2024 walimufukuza tena Gibbs, yule waliyemuweka wenyewe.

Na hapa njo ninaona fundisho ambalo vikundi vingi vya kwetu havipendi kusikia: kushinda kura na kuongoza ni kazi mbili. Kugonga ku mulango unahitaji mutu mwenye hasira. Kuandika bajeti unahitaji mutu anayeweza kuketi na yule aliyemukasirisha. Ottawa Impact walikuwa na wa kwanza wengi, wa pili kidogo.

Wakati ule wapinzani wao walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanajifunza kazi ile ile. Tangu Desemba 2016 watu wa mwelekeo mwingine, waliofanya kazi mu bunge, walikuwa wameandika mwongozo unaoitwa Indivisible, wakisema wazi wameiga Tea Party. Mwezi wa Novemba 2023, mu Central Bucks, wilaya kubwa ya masomo mu Pennsylvania, Wademokrati walichukua viti vyote 5 vilivyokuwa vinapigiwa kura na kuondoa wingi wa wahafidhina. Mu Ottawa nako watu waliotosheka walizunguka na karatasi kutafuta sahihi za kumurudisha mama mumoja wa baraza nyumbani. Tarehe 7 Mei 2024 akashindwa na Mudemokrati, mu kaunti ambayo Wademokrati walikuwa wamezoea kuwa mutu mumoja tu.

Sasa, hii inatuhusu nini sisi? Kwanza, iko na wandugu zetu kule. Mwezi wa Aprili 2022, mu Grand Rapids, polisi alimuua kwa risasi kijana Mukongomani, mukimbizi. Wakaaji wengi wa kwetu walilia wakiuliza serkali ya Biden itafanya nini. Lakini aliyeamua kumupeleka polisi yule ku korti munamo Juni 2022 hakuwa Biden wala waziri. Alikuwa mwenye kushitaki wa kaunti ya Kent, mutu wa kuchaguliwa na wakaaji. Ku kesi, Mei 2025, wale 12 wa kuhukumu hawakusikilizana, na ni yeye pia aliyeamua kesi isirudilwe. Wakongomani wenye uraia wa Marekani mu kaunti ile wako na kura ku kiti hicho.

Pili, sisi wenyewe. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema muji, komine, sekta na sheferi vijiongoze vyenyewe. Tulingoja hadi tarehe 20 Desemba 2023 kupiga kura ya kwanza ya wakonseye wa komine, tena mu komine za miji mikubwa ya majimbo tu. Sekta na sheferi zilibaki. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura yoyote sababu ya vita. Siku ile nilizunguka ku vituo, na watu wengi walionitazama walijua jina la kandida prezidenti, la depite, lakini ukiuliza konseye wa komine wanasema: huyo ni nani, anafanya nini? Wengine walifinya picha yoyote ku mashini waende nyumbani. Kwa kiti kile kile, kandida angehitaji kura kidogo sana. Na kisha kura, maburgumesta wakaendelea kutajwa kutoka juu sawa zamani, kwa hiyo hata waliochaguliwa hawakuwa na mengi ya kuongoza.

Ku Ottawa, mwezi wa Agosti 2024 uchaguzi wa ndani ya chama ulifika tena. Republican wa zamani, wale waliolala mwaka 2022, safari hii walikuwa wameweka kandida wao mapema, wamekusanya feza, wamegonga ku milango. Ottawa Impact wakapoteza wingi. Moss mwenyewe alibaki na kiti chake, lakini kuanzia Januari 2025 mutu mwingine njo anaongoza mikutano.